Araf

Neno la kwanza la Kiwelisi nililojifunza lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe katikati ya barabara: ARAF. Nilikuwa na miaka minane, ndiyo kwanza tumeshuka kwenye treni Barmouth, mimi, mama na kaka yangu. Nilisimama nikalikodolea macho neno lile. Kila Jumamosi nilikuwa nasoma chuoni, kwenye msikiti wa mtaani kwetu Birmingham, na mwalimu alikuwa ameshatueleza habari za watu wa Al-Aaraf: wale watakaosimama mahali pa juu baina ya Pepo na Moto, wakiwaona wa huku na wa kule, hawajaingia lakini wanatumai. Nikamwuliza mama kwa nini watu wa Wales wameandika jina la sura barabarani. Mama alicheka mpaka akakalia sanduku la nguo. Jioni ile bibi mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyetueleza kwamba kwa Kiwelisi neno hilo maana yake ni "polepole", na linawahusu madereva.

Tulikwenda Barmouth kila Agosti kwa miaka saba. Watu wa Birmingham wana mazoea ya zamani na mji ule. Karibu na mwisho wa safari treni hupita juu ya daraja la mbao lililofunguliwa mwaka 1867, urefu wake kiasi cha mita 800, likivuka mlango wa Mto Mawddach. Mimi na kaka tuligombea dirisha. Maji yakiwa yamejaa, ungedhani treni inaelea. Yakiwa yamekupwa, mchanga ulibaki umechorwa mistari mpaka chini ya milima, na mama alisema kila mwaka maneno yale yale: "Haya, tumefika Shela."

Mama alizaliwa Shela, Lamu. Birmingham alikuwa mhudumu wa wodi, zamu ya usiku, na wiki ile ya Barmouth ndiyo pekee katika mwaka mzima aliyolala usiku kama watu wengine. Alitembea pekupeku ufukweni, akitia mguu majini na kuutoa, akilaumu baridi. Punda wa kupandisha watoto walipopita alikataa katakata kutulipia. "Nimevuka bahari zote hizi," alisema, "nije nitoe pesa kwa ajili ya punda?" Gatini tulivua kaa kwa uzi. Watoto wengine walitia chambo cha nyama ya nguruwe, sisi tulitia samaki, na kaa hawakubagua.

Yule bibi wa nyumba ya wageni alikuwa na binti wa rika langu. Mama na mwana walizungumza Kiwelisi, nasi tukiingia chumbani waligeukia Kiingereza katikati ya sentensi, bila kusita. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo na Kiswahili chetu. Mama ndiye aliyeligundua hilo. "Wanatuheshimu," alisema, "lakini angalia, hapa ni kwao na wao ndio wanaonyamaza."

Nayaeleza haya kwa sababu miaka mitatu iliyopita, baada ya mama kufariki na kutuachia akiba ambayo hatukujua kwamba anayo, kaka alinitumia picha ya nyumba ndogo ya mawe iliyokuwa ikiuzwa Barmouth. Vyumba viwili, ngazi nyembamba, na dirisha la juu linaloona daraja. Alitaka tuinunue kwa ajili ya likizo, watoto wetu wapate tulichopata sisi. Sikulala usiku ule kwa furaha. Usiku wa pili sikulala kwa sababu nyingine.

Swali lililoniamsha lilikuwa hili: je, kumpenda mtu au mahali kunakupa haki gani? Nilikuwa nimebeba mji ule moyoni kwa miaka thelathini. Ningeweza kukuonyesha jiwe tulilokalia kula chipsi. Lakini katika miaka hiyo thelathini sikuwahi kuwa pale mwezi wa Januari. Sikuwahi kumzika mtu pale, wala kumtafutia mtoto nafasi ya shule pale, wala kungojea daktari. Mji niliokuwa naujua ulikuwa na wiki moja tu.

Mkoa wa Gwynedd, ulimo mji ule, ni mojawapo ya ngome za Kiwelisi. Katika sensa ya 2021 watu wapatao asilimia 64 wa mkoa huo walisema wanakizungumza, na kwa Wales nzima hawakufika asilimia 18. Ndio mkoa huo huo ambao nyumba zake za pwani hununuliwa na watu wa mijini kwa bei ambayo kijana anayefanya kazi hotelini au shambani haiwezi. Tangu Aprili 2023 halmashauri huwatoza wenye nyumba za pili nyongeza ya asilimia 150 juu ya kodi ya kawaida. Katika mkoa huo huo, huko Abersoch, shule ya msingi ilifungwa Desemba 2021 kwa kukosa watoto wa kutosha. Nyumba zilikuwepo. Waliokosekana ni wenye kuishi ndani yake.

Nilimweleza kaka haya kwa simu, naye hakuwa mjinga wala mchoyo. Alisema sheria inaruhusu, na kodi yenyewe tutailipa. Alisema tusiponunua sisi atanunua tajiri wa London ambaye hata jina la mji halijui kulitamka. Alisema mama yetu alisukuma vitanda vya wagonjwa wa nchi hii kwa miaka ishirini na sita, na kama kuna watu wasiopaswa kuona haya kununua vyumba viwili, ni sisi. Kisha akanipiga na methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutanunua mkate pale, tutampa kazi fundi wa pale.

Nikamjibu kwa nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye nyumba ya pili, nilimwambia, ni mgeni asiyefika siku ya tatu. Kila jembe linapoletwa, yeye ameshaondoka.

"Wewe unapenda kujisikia msafi," akasema. "Ile bomba ya jikoni kwako inatoa maji ya wapi?"

Alijua pa kunigonga. Birmingham hunywa maji ya Wales. Mwishoni mwa karne ya 19 jiji lilijenga mabwawa katika Bonde la Elan, mfalme Edward VII akayafungua mwaka 1904, na mpaka leo maji husafiri kiasi cha kilomita 118 kwa mteremko tu, bila pampu. Watu wapatao 100 walihamishwa bondeni. Waliolipwa fidia ni wenye ardhi, na wengi wa waliohama hawakuwa na ardhi. Nyumba, shule na kanisa vilimezwa. Kila chai aliyotupikia mama ilitoka huko. Kwa hiyo kaka aliuliza, na nadhani ni swali halali: mtu aliyekwisha kunywa maji ya bonde zima anaona haya ya nini kwa vyumba viwili?

Nililifikiria swali hilo kwa siku nyingi. Jibu nililolipata si la kujivunia, lakini ndilo nililo nalo. Kuna deni tunalolikuta. Sikuchagua bomba, na nikiacha kunywa leo hakuna nyumba itakayoibuka kutoka bwawani. Deni la namna hiyo unalijua, unalitaja, unawafundisha watoto chai yao inatoka wapi. Na kuna deni unalolifuata kwa miguu yako, ukiwa na kalamu mkononi. Kulitumia la kwanza ili kuhalalisha la pili ni kama mtu aliyenyeshewa njiani akaona basi hakuna haja ya kujizuia kumwagia wenzake maji.

Na kuna Shela. Nyumba ya babu iliuzwa na wajomba kwa Mzungu mmoja katika miaka ya tisini. Hakuna aliyemnyang'anya mtu kitu: pesa zililipwa, mmoja akanunua mashua, mwingine akaoza binti. Mama alipokwenda mara ya mwisho alichungulia mlangoni akaona bwawa la kuogelea pale palipokuwa na jiko la mama yake. Mlinzi, kijana wa mtaa ule ule, alimwomba radhi asiingie. Aliporudi nilimwuliza kama ana hasira na yule mnunuzi. Alifikiri, akasema hana. "Hakuiba. Naambiwa anaipenda sana ile nyumba." Kisha akaongeza, kama anayezungumza peke yake: "Lakini siku aliyonunua, hakujua ananunua nini."

Sisi tulikuwa tunajua. Nilikataa kutia saini. Kaka hakunisemesha mpaka Idi.

Nyumba iliuzwa baada ya wiki tano. Februari iliyofuata nilipita mbele yake peke yangu, kwenye mvua. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na kando ya mlango palikuwa na kisanduku cha ufunguo chenye tarakimu, cha wapangaji wa siku mbili tatu. Nilimtumia kaka picha. Akajibu neno moja: "Umeona?" Nimeona. Kukataa kwangu hakukumpa kijana yeyote wa Barmouth chumba. Anayedai kwamba dhamiri yake imeuokoa mji aulizwe ni nyumba gani.

Nilifikia kwenye nyumba ile ile ya wageni. Sasa anaiendesha yule binti wa rika langu. Mama yake alishatangulia mbele ya haki kabla ya wangu. Mwanawe anaishi Wrexham, alisema, kwa sababu hapa hakupata pa kupanga. Alikuwa akizungumza naye kwa simu nilipoingia, kwa Kiwelisi, na safari hii hakubadili lugha. Alimaliza mazungumzo yake, ndipo akageuka kwangu.

Nilikaa siku tatu. Asubuhi ya tatu aliniomba nimsaidie kupandisha godoro jipya ghorofa ya juu, maana alikuwa peke yake na ngazi ni nyembamba. Tulilipandisha. Tulilikwamisha kwenye kona, tukacheka, tukalishusha, tukalipandisha tena.