Kitabu Kikirudi, Jina Liende Wapi?

Mwaka 2015 gazeti la Kobe Shimbun la Japani lilichapisha habari ambayo mwandishi yeyote wa habari za vitabu angeitamani. Katika shule ya sekondari aliyosoma Haruki Murakami, zilikuwa zimepatikana kadi za zamani za maktaba, zile zinazokaa ndani ya kitabu na kujazwa majina ya walioazima. Jina lake lilikuwemo. Kijana yule aliyekuja kuwa mwandishi maarufu duniani alikuwa ameazima vitabu vya Joseph Kessel, Mfaransa.

Sisi wapenzi wa riwaya tukiona hivyo tunameza mate. Lakini Chama cha Maktaba cha Japani kilikuja juu. Wakutubi wa nchi ile wana tamko lao tangu mwaka 1954, likafanyiwa marekebisho 1979, na mojawapo ya ahadi zake ni kwamba maktaba hutunza siri za wasomaji wake. Gazeti lilijitetea kwamba Murakami ni mtu ambaye makuzi yake ya kifasihi yanachunguzwa na wasomi. Haya, tuseme ndivyo. Ila hakuna kadi ya maktaba yenye jina moja tu. Wale vijana wengine walioazima kitabu kilekile wala hawakuwahi kuwa maarufu, nao je?

Kisa hicho kimenirudia kichwani wiki hizi kwa sababu iliyo karibu zaidi na nyumbani. Hapa Shanwe, ndani ya Manispaa ya Mpanda, shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja inataka kuachana na daftari la kuazimia vitabu na kuingia kwenye kompyuta. Imeundwa kamati ndogo: mkuu wa shule, mwalimu wa Kiswahili anayeshika funguo za maktaba, mwalimu wa TEHAMA, mzazi mmoja, na mimi, niliyeitwa kwa hoja kwamba "wewe dada ni mtu wa vitabu, halafu ni mtu wa mitandao". Kazi yetu ni kuchagua programu.

Maswali ya kwanza yalikuwa yale ambayo kila mtu angeyauliza. Bei gani? Umeme ukikatika inakuwaje? Intaneti je? Ni maswali ya haki kabisa. Mpanda ni mji ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na hakuna mtu mzima hapa asiyejua maana ya kusubiri taa zirudi. Programu inayodai intaneti kila mtoto anapoazima kitabu itaua maktaba ndani ya wiki. Fikiria foleni ya kidato cha kwanza wakati wa mapumziko, dakika ishirini tu, na kile kiduara kinazunguka kwenye skrini. Hapo tulikubaliana haraka kwamba programu ikae kwenye kompyuta ya shule yenyewe, na nakala ihifadhiwe pembeni kila Ijumaa.

Kuhusu bei, mwalimu wa TEHAMA alileta habari ya Koha, programu huria ambayo maktaba kadhaa za vyuo vikuu vyetu zinaitumia. Historia yake inafurahisha. Ilitengenezwa mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, wilaya ya Nyuzilandi ambayo si mji mkubwa hata kidogo, kwa sababu mtambo wao wa zamani ulihofiwa kufia kwenye ule mkasa wa tarakimu za mwaka 2000. Ilianza kazi siku ya 3 Januari 2000, kisha wakaitoa bure kwa dunia nzima. Neno lenyewe ni la Kimaori, maana yake ni zawadi, lakini zawadi yenye nipe nikupe ndani yake. Upande wa pili walikuwepo wafanyabiashara wenye programu za kulipia kwa mwaka, kwa kila mwanafunzi, na taarifa zote zinakaa kwao. Mmoja alituonyesha ukurasa mzuri wenye rangi: ukibofya jina la mtoto, unaona kila kitabu alichowahi kugusa tangu aingie shuleni, na mchoro wa jinsi "tabia yake ya usomaji" inavyopanda na kushuka.

Mkuu wa shule alipenda sana mchoro ule. Mimi ndipo nilipouliza: kitabu kikisharudi kabatini, jina la mtoto linaenda wapi?

Walinitazama kama mtu aliyeuliza maji ya mto yanaenda wapi.

Tuanze na daftari, maana lisije likaonekana takatifu. Ni kaunta buku la kurasa nyingi, lenye safu zilizochorwa kwa rula: tarehe, jina, kidato, kitabu, sahihi, tarehe ya kurudisha. Daftari hili nalo linakumbuka. Yeyote anayesimama mezani anaweza kulifunua na kuona nani kaazima nini, na wanafunzi hulifunua kweli, wakacheka. Kwa hiyo nisidanganye kwamba zamani kulikuwa na siri. Kulikuwa na kitu kingine, nacho ni uvivu wa karatasi. Kumtafuta mtoto mmoja ndani ya miaka mitatu ya kaunta buku ni kazi ya siku nzima, na hakuna mwenye siku nzima. Kisha inakuja mvua, wanakuja mchwa, anakuja mpishi anayetafuta cha kuwashia moto. Mchwa wa Katavi wamelinda siri nyingi za wasomaji kuliko sheria yoyote.

Kompyuta haiwaogopi mchwa. Kilichokuwa kikisahaulika chenyewe sasa hakisahauliki mpaka mtu aamue kisahaulike, na mtu huyo lazima awepo, ajue kwamba kuna uamuzi, na aufanye. Hapo ndipo swali la programu linapoacha kuwa la mwalimu wa TEHAMA peke yake.

Mzazi wetu alisema, "Lakini mwandishi, mtoto asiye na la kuficha ana hofu gani?" Nikamkumbusha mambo ambayo hayajapita mbali. Februari 2023 Wizara ya Elimu, kupitia Waziri Adolf Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ambao watoto waliuazima hadi jana yake kwa ruhusa kamili ya walimu. Sibishani hapa na marufuku yenyewe. Ninachosema ni kwamba siku ya pili yake, kwenye shule yenye mchoro ule wa rangi, orodha ya waliosoma ingepatikana kwa kubofya mara moja. Kabla ya hapo, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na muda si mrefu ikapigwa marufuku mashuleni. Leo inasomwa na kuchambuliwa vyuo vikuu. Kitabu kinaweza kubadilika hadhi wakati mtoto yupo palepale na jina lake lipo palepale.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Hadi Novemba 2021 msichana aliyepata mimba katika shule zetu za serikali alikuwa akifukuzwa. Sasa mfikirie msichana wa kidato cha tatu mwaka 2019, ambaye ameazima kitabu cha afya ya uzazi. Labda ana hofu. Labda dada yake ndiye mwenye hofu. Labda hana lolote, kapenda picha ya jalada tu. Rekodi haisemi kwa nini alisoma, inasema kwamba alisoma, na sisi watu wazima ndio tutakaojaza lile pengo kwa mawazo yetu. Na mtoto akijua hivyo, hatakiazima. Atabaki na hofu yake na simu ya rafiki yake.

Mzazi alinyamaza kidogo. Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyenijibu, na jibu lake bado linanisumbua.

"Dada yangu, unaongea kama mwandishi. Mimi naongea kama mwalimu," alisema. Akasimulia habari za mvulana mmoja aliyekuwa akiazima kitabu kila Jumatano, mashairi hasa. Alikuwa ameanza na Shaaban Robert, na mwalimu akawa anamchagulia kinachofuata. Kisha Jumatano mbili zikapita, tatu, nne. Mwalimu alifungua daftari akaona mstari umekatika, akafunga safari. Mvulana alikuwa kwenye mashamba ya tumbaku na mjomba wake, shule ameshaiaga bila kumwambia mtu. Alirudi. "Bila lile daftari ningejua lini? Wewe unaita kumchungulia. Mimi naita kumwangalia mtoto."

Kiswahili chetu kina werevu wake hapo. Kumwangalia mtoto ni kumtunza, kumchungulia ni kumwibia, na jicho linaweza kuwa lilelile. Nilijaribu kumjibu kwamba kilichomwokoa mvulana ni kujua kwamba hakuja, wala si kujua amesoma nini. Hilo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba mwalimu alimjali kwa sababu alijua anapenda mashairi, na alijua kwa sababu alikuwepo mezani, akamwona, wakaongea. Programu inataka kuchukua kile alichokijua mwalimu huyu kwa kuishi na mtoto na kumpa mtu mwingine yeyote mwenye nywila: mwalimu mpya wa zamu, afisa, fundi wa kampuni, mwenye duka la kompyuta atakayeletewa ile mashine siku ikifa. Ujuzi wa mwalimu unakaa ndani ya uhusiano, na mwalimu ana aibu yake na busara yake. Safu ya kwenye skrini haina aibu.

Mimi mwenyewe najiona nina pande mbili. Kama mwandishi ningetoa chochote kuona kadi za maktaba ya Tabora za miaka Nyerere alipokuwa mwanafunzi pale. Ukipanda treni hapa Mpanda utaunga njia Kaliua na kuingia Tabora, kwa hiyo huu ni udadisi wa jirani. Lakini kazi hiihii imenifundisha kutolitaja jina la mtu aliyeniamini. Chanzo changu kikiniambia jambo kwa siri, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuhakikisha jina halipo mahali linapoweza kupatikana. Sioni kwa nini mtoto wa miaka 14 anayekwenda kwenye rafu peke yake astahili chini ya hapo. Murakami walau alikuwa ameshakua.

Hatimaye kilichotusaidia kwenye kamati ni duka la Mangi. Kila mtaa una Mangi, na kila Mangi ana daftari la mkopo. Ukichukua sukari na sabuni anaandika jina lako, na ni haki yake, mali yake iko kwako. Ukilipa, anakata mstari juu ya jina. Deni limekwisha. Sasa Mangi angekuwa anahifadhi orodha ya kila ulichokula kwa miaka minne na kumwonyesha baba mkwe wako akiuliza, ungeendelea kukopa pale? Kitabu kilichoazimwa ni deni, na shule ina kila haki ya kujua nani anacho, tangu lini, na amkumbushe vipi. Vitabu vyenyewe ni vichache, kikipotea kimoja darasa zima linaumia. Lakini kikirudi, deni limelipwa. Shule inayobaki na jina baada ya hapo imebaki na kitu ambacho haikukopesha.

Kwa bahati, Koha inaruhusu hilo. Historia ya mwazimaji inaweza kuhifadhiwa, kuhifadhiwa kwa muda uliopangwa, au jina kuondolewa mara kitabu kinaporudi, huku hesabu ya mara ngapi kitabu kimeazimwa ikibaki. Mkuu wa shule alifarijika kusikia hivyo, maana akiomba vitabu atahitaji kuonyesha kwamba vilivyopo vinasomwa, na kwa hilo idadi inatosha. Sheria nayo iko upande huu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Nilimwuliza yule mfanyabiashara wa mchoro wa rangi kama kuna mahali pa kufuta historia. Alisema wateja wengine hawajawahi kuuliza.

Na mtoto anayetaka orodha yake? Wapo, nami ningekuwa mmoja wao. Orodha ya vitabu ulivyosoma utotoni ni kama picha za familia. Basi apewe yeye, aombe mwenyewe, aione mwenyewe. Tulibishana sana juu ya nini kifanyike kwa asiyesema lolote, kwa sababu mtoto wa kidato cha kwanza akiulizwa na mwalimu "tuhifadhi?" atajibu "ndiyo mwalimu" hata kama swali lenyewe hajalielewa. Kura zilikuwa tatu kwa mbili kwamba ukimya uhesabiwe kuwa ni kufuta. Mkuu wa shule alikuwa kwenye wale wawili, akakubali kushindwa, jambo ambalo nalihesabia heshima.

Limebaki moja ambalo hatujaafikiana. Kuna makaunta buku ya zamani kabatini, yaliyonusurika mchwa, na mwalimu wa TEHAMA anataka wanafunzi wa likizo wayaingize yote kwenye mfumo mpya, majina na kila kitu, "ili tusianze na sifuri". Mwalimu wa Kiswahili, yuleyule aliyenibana kwa habari ya mvulana wa tumbaku, ndiye aliyekataa kwanza. Anasema ziingizwe namba za vitabu tu, na madaftari yakae kwake, kabati lifungwe. Mkuu amesema atalifikiria. Kikao ni Alhamisi.