Neno "Nadra"

Matabibu wana neno wanalolipenda: nadra. "Hali hiyo hutokea kwa nadra sana," husema, na jamaa za mgonjwa wakashusha pumzi. Neno hili laonekana kuwa la hesabu tu, kumbe ndani yake mna hukumu. Je, tuna haki ya kuliita jambo nadra ilhali hatujalitafuta?

Chukua mathalani kuvuja damu ndani ya mapafu. Miongoni mwa maradhi yawezayo kuleta balaa hilo ni leptospirosisi, ambayo Tanzania huitwa homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa, vikakaa majini na topeni, kisha vikamwingia mtu kwa mchubuko wa ngozi, macho au mdomo. Walio wengi huumwa kichwa na misuli, wakapona. Wachache hupata manjano na figo zikashindwa kazi. Wengine damu hupenya kutoka katika mishipa midogo hadi katika vifuko vya hewa vya mapafu. Mtu huyo anahema, hewa inaingia, lakini haina pa kukaa. Huenda asikohoe hata tone la damu, watu wakadhani ana kichomi. Wakifikia hapo, aghalabu wengi hufa.

Mwaka 1995, baada ya mvua kubwa, watu wa Achuapa nchini Nicaragua walishikwa na homa, na baadhi yao wakafa mapafu yakiwa yamejaa damu. Ilidhaniwa ni dengi, vipimo vikakataa. Hatimaye maabara ilionyesha kuwa ni leptospirosisi. Wagonjwa wale hawakuwa na manjano, alama ambayo matabibu walizoea kuitazamia tangu Adolf Weil alipoyaeleza maradhi haya mwaka 1886. Kumbe mtu aweza kufichwa ugonjwa na elimu yake mwenyewe!

Na kwetu? Kati ya mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa wagonjwa wa homa 870 waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Matabibu waliandika malaria kwa wagonjwa 528. Ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Leptospirosisi ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyokutwa mahali pake. (Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, vyeti vya ugonjwa vya wanachuo vilivyopita mezani pangu karibu vyote vilisema malaria. Vilikuwa vifupi na vya uhakika kabisa.) Kisha, Julai 2022, watu wa Lindi walipokuwa wakiugua homa na kutokwa damu puani, serikali ilitangaza kuwa ni homa ya mgunda: wagonjwa 20, na watatu kati yao wamefariki.

Najua nitakavyojibiwa. Zahanati ya kijijini haina maabara. Nchi maskini haiwezi kupima kila kitu. Hayo ni kweli, wala simlaumu mganga asiye na kipimo. Nagombana na neno. Anayesema "hatujui" ameuacha mlango wazi. Anayesema "nadra" ameufunga, na aliyebaki nje hana wa kumbishia hodi. Tena nadra kwa nani? Ukiwagawanya wagonjwa kwa watu wote wa taifa, pamoja na karani wa benki, utapata tarakimu ndogo ya kutuliza moyo. Lakini mkulima wa mpunga, mchinjaji na mzibuaji wa mitaro hawaishi ndani ya wastani huo. Wao wamo majini.

Penisilini na doksisaiklini ni dawa za siku nyingi, nazo hufaa zaidi zikianza mapema, kabla mapafu hayajaguswa. Na lipo swali moja lisilohitaji maabara, ambalo mganga aweza kumwuliza mwenye homa kabla hajashika kalamu: "Unafanya kazi gani?"