Je, Heshima Inapimwa Kwenye Mizani ya Duka?



Mara nyingi, kisha ibada, tunasikia wamama na vijana wakinungunika juu ya namna wanavyopokelewa katika maduka ya muji wetu wa Lubumbashi. Mumoja anasema alifukuzwa kama mwizi, mwingine anasema alisimama saa nzima hapo wengine wakipita mbele yake. Labda mutu atauliza: Kanisa linatafuta nini katika mambo ya sukari na sabuni? Ninajibu kwamba ndani ya jambo hilo dogo kuna swali kubwa. Muuzaji ana deni gani kwa mwenye kununua? Ni deni la kumupa kitu chake tu, ao ni deni la kumuheshimu vilevile? Tena, sisi wengine wenye kusimama pale na kutazama, je, hatuna sehemu katika kosa hilo?

Acha niwaelezee jambo moja nililoliona katika duka ambalo sitalitaja jina. Mama mumoja mwenye kuuza mboga aliomba nusu kilo ya sukari na kipande cha sabuni, akatoa noti zake za franka. Muuzaji akazisukuma na vidole, akamwambia: "Zimechakaa hizi, ondoka hapa." Mara akaingia bwana mumoja mwenye koti na karavati, akiongea Kifaransa. Muuzaji akasimama, akacheka, akamutumikia mbio. Bwana yule akalipa na noti zilizochakaa sawasawa na zile za mama, na zikapokelewa bila neno. Noti ni za Banki moja, sahihi juu yake ni moja. Kilichobadilika ni mukono wenye kuzitoa.

Wazee wetu walijua mambo hayo mbele yetu. Katika muji huu, wakati ulipoitwa Élisabethville, Wabelgiji walitenganisha muji wa Wazungu na mitaa ya watu weusi, wakaacha eneo tupu katikati yao. Na tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Patrice Lumumba alisimama kule Léopoldville mbele ya mufalme Baudouin, akahesabu mateso ambayo watu wetu walipata. Alitaja kazi ya nguvu, alitaja mashamba yaliyonyanganywa, alitaja vifungo. Lakini alitaja vilevile kwamba mutu mweusi aliitwa "tu", si kwa urafiki, lakini kwa sababu "vous" iliwekwa kwa Wazungu peke yao. Alitaja vilevile maduka ya Wazungu ambamo mutu mweusi hakukubaliwa kuingia. Katika siku kubwa vile hakusahau duka! Kwa maana mutu anaweza kusahau bei aliyolipa, lakini hasahau namna alivyofukuzwa.

Leo ni nani anayesimama nyuma ya meza ile ya kuuzia? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Kama mama wa Katuba anaogopa kuingia katika duka la mutoto wa inchi yake, basi tulibadilisha muuzaji, lakini duka lilibaki lile lile.

Na tusiseme kwamba ni maneno tu. Katika mwaka wa 1992 na 1993, wakati mukoa wetu uliitwa Shaba, kulikuwa watu waliowaita jirani zao wa Kasai "bilulu", maana yake wadudu. Kisha tuliona jamaa nzima zikilala kwenye stesheni ya treni kule Likasi na Kolwezi, zikingojea kuondoka. Nyumba ziliachwa, watoto walikufa njiani. Zarau haianzi na moto. Inaanza na jina baya, na mutu anayekataa kukujibu kwa sababu ya luga yako. Ndiyo maana, muuzaji anapouliza kabila la mutu mbele ya kumuuzia mafuta, tusicheke.

Sheria ya inchi inajua jambo hilo. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaazibu ubaguzi wa rangi na wa kabila, na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema, katika kifungu cha 12, kwamba Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Hata mwenye duka akiwa Mukongomani, Muhindi, Mulebano ao Muchina, anauza chini ya sheria moja. Lakini hakuna polisi atakayesimama pembeni ya kila mizani kupima sauti ya muuzaji. Pale sheria inapokoma, zamiri ya mutu inapaswa kuanza.

Wauzaji wana majibu yao, na ni haki kuyasikiliza.

Wa kwanza anasema: "Duka ni langu, ninamupokea yule ninayetaka." Ni kweli, duka ni lako, na mufuko wa sukari ni wako. Lakini mutu anayesimama mbele yako si wako. Bei ya kilo ni bei ya sukari. Heshima haikuwekwa katika bei ile, na kwa sababu hiyo mutu aliyenunua nusu kilo hawezi kupewa nusu ya heshima. Torati ilikataza muuzaji kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mufuko wake, moja kubwa na moja dogo. Basi, muuzaji mwenye ndimi mbili, moja ya tajiri na moja ya masikini, ana tofauti gani na yule mwenye mawe mawili?

Wa pili anasema: "Mimi ni mufanyakazi tu. Ninasimama tangu asubui mpaka magaribi, mushahara ni kidogo, na mwenye duka ananitukana mbele ya watu." Neno hilo ni la kweli, na wenye maduka walisikie. Matusi yanashuka kama maji ya mvua juu ya manjanja: yanaanzia juu na kumuangukia yule anayekaa chini. Asiyewaheshimu wafanyakazi wake asiwaombe waheshimu watu wengine. Lakini wewe mufanyakazi, ujiulize: kama ni kuchoka, kwa nini hukuchoka wakati bwana wa karavati alipoingia? Nguvu za kucheka ulikuwa nazo. Ulichagua nani wa kumuchekea.

Sasa nifike kwa neno ambalo hatupendi kusikia. Katika ubaguzi wa duka hakuna watu wawili tu, kuna watatu. Kuna muuzaji, kuna yule aliyezarauliwa, na kuna yule aliyepitishwa mbele. Huyu wa tatu hakutukana mutu. Alipewa tu nafasi, akaipokea, akalipa, akaenda zake akiwaza kwamba mikono yake ni safi. Lakini nafasi ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mama. Mutu akikupa mbuzi wa jirani yako, na wewe unajua ni wa jirani, hutasema: "Mimi sikuiba, nilipewa."

Ndugu zangu, wengi kati yetu tunaweza kuwa mutu huyo wa tatu. Tukivaa vizuri, tukiongea Kifaransa kidogo, ao kama muuzaji ni wa kwetu, tunapitishwa mbele. Pale dawa ni maneno machache tu: "Huyu mama alinitangulia, anza naye." Haiombi kelele wala magomvi. Na muuzaji akisikia maneno hayo toka kwa mutu anayemuheshimu, yatamuingia kuliko kilio cha yule aliyezarauliwa, kwa maana ni kwa ajili ya kumupendeza huyo ndiyo alifanya ubaguzi.

Na wewe uliyezarauliwa, usirudishe matusi, lakini usiwaze kwamba mukristo anapaswa kukubali kuitwa wadudu. Sema na upole: "Mimi pia ni mutu, ninakuja kununua na feza yangu." Ikiwezekana, mutafute mwenye duka na kumuelezea. Asiposikia, peleka franka zako kwa muuzaji mwingine, bila hasira. Na sisi wote wenye kununua, tusimutupie muuzaji feza mezani kama mutu anayemutupia mbwa mufupa, kwa maana naye ni mutoto wa mutu.

Mutume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, alisema juu ya tajiri mwenye pete ya zahabu na masikini mwenye nguo chafu. Lakini muangalie vizuri: hakuwaweka dukani, aliwaweka katika mukutano wa waamini. Mumoja alipewa kiti kizuri, mwingine akaambiwa asimame ao akae chini. Basi tuanze hapa kwetu. Siku ya Mungu, wakati mulango wa hekalu unafunguliwa, tuangalie nani tunayemuonyesha kiti cha mbele na nani tunayemuacha nyuma. Yule anayejifunza ubaguzi katika nyumba ya Mungu atawezaje kuuacha siku ya kwanza akifungua duka lake?

Mungu atusaidie. Amina.