Madhara Yakawiayo ni ya Nani?

Leo twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali linalowahusu vijana wetu waendao kutafuta kazi mbali. Mtu akiangukiwa na jiwe kazini akavunjika mguu, wote wameona, wala tajiri hawezi kukana. Lakini mtu akivuta moshi wa kiwanda miaka mitano, akarudi nyumbani mzima, kisha baada ya miaka 20 akaanza kuugua, je, deni hilo ni la nani?

Jambo hili si la kuwaza tu. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kilifanya kazi tangu mwaka 2007 hata 2014. Mama mmoja aliyeajiriwa humo, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga akiugua, na alipopimwa ikaonekana risasi damuni mwake. Mama huyo akaacha kazi, akawatetea jirani zake. Mwaka 2020 mahakama iliamuru watu wa mtaa ule walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu hiyo ikapingwa katika rufani, hata Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha mwaka 2024.

Risasi haiui upesi kama nyoka. Huingia kwa pumzi, na kwa mavumbi yaliyo mikononi mtu alapo chakula. Tena huchukuliwa katika nguo mpaka nyumbani. Hujificha mifupani miaka mingi, na mwanamke achukuapo mimba yaweza kurudi damuni na kumfikia mtoto. Huharibu figo, hupandisha shinikizo la damu, na kwa watoto hudhuru ubongo. Vivyo hivyo mavumbi ya asbesto: kijana akiyavuta leo, saratani yaweza kutokea baada ya miaka 20, 30, hata 40. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Lakini hapa mjukuu mwenyewe hulipa asichokopa.

Wako wasemao, Mfanya kazi alikubali mwenyewe. Hakufungwa kamba, na ujira wake amepokea. Neno hili lina sura ya haki, kwa hiyo yafaa tulipime vema. Mtu hukubali lile analolijua. Mtu akiuziwa ng'ombe, naye muuzaji akamficha ugonjwa wake, twasema amedanganywa, ijapokuwa fedha alitoa kwa mkono wake. Itakuwaje basi kwa mtu aliyeuza nguvu zake, asiambiwe kilichomo katika hewa aivutayo?

Torati yatupa kipimo, katika Kutoka sura ya 21, habari ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Sisi wa Karagwe, tulio na ng'ombe wa pembe ndefu, twaielewa upesi. Ng'ombe akimwua mtu, naye hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Bali kama alikwisha kuonywa, asimzuie, hatia ya damu ni yake. Basi kinachopimwa ni hiki: je, alionywa?

Na matajiri wa viwanda wameonywa tangu zamani. Baba yake Martin Luther alipata riziki kwa kuyeyusha shaba huko Mansfeld, na magonjwa ya kazi za namna hiyo yalijulikana mapema. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1556, tabibu Georg Agricola aliandika habari za migodi ya milima ya Karpati, ambako walionekana wanawake walioolewa na waume saba, wote wakafa kwa ugonjwa wa mavumbi. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awape wafanya kazi vifaa vya kujikinga. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yahesabu ugonjwa uliotokana na kazi, si ajali tu. Nani basi atasema hakuonywa?

Yuko pia mfanya kazi asemaye, Afadhali sumu ya kesho kuliko njaa ya leo. Huyu hatumlaumu, maana watoto wake wanataka kula leo. Lakini neno lake si udhuru kwa tajiri, bali ni ushuhuda juu yake, kwa kuwa ameiona njaa ya ndugu yake akaifanya kuwa faida.

Ninyi waalimu mfundishao Katekisimo Ndogo, mwajua ya kuwa Amri ya Tano haikatazi upanga peke yake. Luther aeleza ya kuwa tusimdhuru jirani mwilini, tena tumsaidie. Na anayemwajiri kijana kunyunyizia kahawa dawa ya wadudu bila kitambaa usoni wala glavu mikononi, naye ni tajiri mbele ya amri hii, ijapokuwa shamba lake ni dogo. Iangalieni na Amri ya Nane. Ugonjwa ukawiao, usioonekana chanzo chake, huwafanya watu kunong'ona habari za uchawi, na bibi kizee asiye na kosa hubebeshwa hatia ya moshi wa kiwanda.

Basi kijana aondokapo kwenda kazini, asiombewe tu, afundishwe pia: aulize ni dawa gani anayoishika, anawe kabla ya kula, abadili nguo kabla ya kumkumbatia mtoto, naye azitunze barua za kazi na vyeti vya kupimwa. Baada ya miaka 20 wenzake watakuwa wametawanyika, na kiwanda labda kimefungwa. Karatasi hizo ndizo zitakazosema kwa ajili yake. Madhara yakikawia, deni halifutiki, wala mbele za Mungu halizeeki.