Hofu ya Mzazi

Msomaji, hofu huhesabiwa kuwa mlinzi wa mtoto. Je, mlinzi huyo akimzuia mtoto asifike kwa daktari, lawama ni ya nani?

Machi 2020, korona ilipotanda nchini Italia, wagonjwa wa dharura katika hospitali kadhaa za watoto walipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Maradhi mengine hayakuwa yamekwisha; kisukari cha mtoto, kwa mfano, hakingoji. Madaktari wa huko waliandika habari za watoto 12 waliochelewa kutibiwa, wanne walifariki. Wazazi wao hawakuwa wazembe. Waliogopa kuambukizwa hospitalini, na wako waliopiga simu wakashauriwa wasije.

Usidhani jambo hili ni la Italia tu. Kenya nayo ilianza kafyu tarehe 27 Machi mwaka huo, toka saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Hospitali hazikufungwa, lakini mfikirie mama ambaye mwanawe ameshikwa na degedege saa tano za usiku. Akisita mlangoni, mimi simhukumu. Niwaulizao ni wale walioamuru watu wakae ndani: je, neno la kuwaita watoto wagonjwa lilitangazwa kwa sauti ile ile?