Mgeni Hukoma Lini Kuwa Mgeni?

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali ya busara. Mgeni hula na kulala pasipo kuulizwa kazi, lakini akidumu hana budi kushika mpini kama wenzake. Hata hivyo, liko jambo ambalo methali hiyo ililiacha. Ilitaja siku ya kumpa mgeni jembe, haikutaja siku ya kumvua jina la ugeni. Katika nyumba jambo hilo halina uzito, maana mgeni wa nyumba aghalabu hurudi kwao. Katika mji unaokua upesi ni swali zito, na watu wamepata kufa kwa majibu yake mabaya.

Mji ninaoufikiria ni Eldoret, katika uwanda wa Uasin Gishu, magharibi ya Kenya. Tarehe 15 Agosti 2024 ulipewa hadhi ya jiji, ukawa wa tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Wako waliofurahi siku ile, na wako walioguna. Walioguna hawakuwa wajinga, nao waliofurahi hawakuwa wasaliti. Kila upande uliona jambo ambalo mwenziwe hakuliona.

Mwenyeji wa miaka mingi, atembeapo katika mji wake, huona vitu viwili mahali pamoja: kilichopo na kilichokuwapo. Penye nyumba za kupanga zenye orofa nyingi, yeye huona konde la mahindi alilolipita utotoni akienda shule. Sokoni husikia Kiswahili, tena Kiswahili cha vijana kiitwacho Sheng, mahali ambapo babaye alipatana bei ya ng'ombe kwa Kinandi. Wajukuu wake humwelewa asemapo, lakini humjibu kwa lugha nyingine. Bei ya ardhi imepanda hata mwanawe hawezi kununua kipande karibu na kaburi la babu yake. Mtu huyu akisema kwamba utamaduni wake unapotea, tusimcheke. Ahesabu hasara ambayo ni ya kweli, na hakuna aliyemwuliza kama yu tayari kuilipa.

Mgeni huona kimoja tu, yaani kilichopo. Alikuja kusoma katika Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, au alikuja kufungua duka la vyuma, au alizaliwa Langas na wazazi waliotoka mbali. Kwake mji ulianza siku aliyofumbua macho. Haoni konde chini ya orofa, kwa hiyo hawezi kulihuzunikia. Huona kazi, soko, hospitali na majirani wa makabila mengi, naye hustaajabu kuambiwa kwamba kitu kizuri namna hii ni dalili ya uharibifu. Zaidi ya hayo, husikitika kwamba baada ya kulipa kodi na kuzika wazazi wake hapo, bado huulizwa, “Kwenu hasa ni wapi?”

Hapa ndipo wengi hukata shauri upesi wakasema: aliyetangulia ndiye mwenye haki, na aliyefuata afuate. Kanuni hii yaonekana nyepesi. Natuipime kwa historia ya uwanda huu huu.

Masimulizi ya Wakalenjin yenyewe husema kwamba kabla yao waliishi Wasirikwa, ambao husemwa kuwa ndio walioacha mashimo yaonekanayo ardhini hata leo. Wakaja Wamaasai wa Uasin Gishu, waliouachia uwanda jina lao. Hao nao walishindwa vitani katika karne ya 19, na Wanandi wakalisha mifugo yao hapo. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi wa Ulaya sehemu hii, bila kumwuliza mwenyeji yeyote; mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukaikataa zawadi hiyo. Mwaka 1908 wakafika Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na van Rensburg, na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Muda si muda wakajiona wenyeji, wakihesabu historia ya nchi tangu gurudumu lao la kwanza. Reli ilifika mwaka 1924, ikaleta wengine tena.

Basi anayedai haki kwa sababu ya kutangulia, atangulie nani? Kila mtu huchagua mwaka wa kuanzia hesabu, na sijapata kumwona aliyechagua mwaka uliomwacha yeye nje. Kanuni hiyo ikifuatwa hadi mwisho, humfikisha msomaji kwa Wasirikwa, ambao hawapo kuja kudai.

Lakini mwanafunzi mwenye akili asiridhike na jibu hilo, maana lina hila ndani yake. Mtu aweza kusema, “Kwa kuwa wote walikuja, hakuna aliyedhulumiwa,” na hayo yatakuwa uongo. Wanandi walipigana na Waingereza kwa muda wa miaka kumi hivi, hata mwezi wa Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa alipokwenda kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Wakasukumwa katika eneo walilotengewa, na ardhi nzuri ikagawiwa walowezi. Uhuru ulipofika mwaka 1963 Makaburu wengi waliondoka. Lakini mashamba mengi yaliuzwa, hayakurudishwa. Waliyanunua watu binafsi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya na wengineo.

Fikiri basi juu ya watu wawili walioishi mpaka mmoja baada ya hapo. Mmoja husema, “Ardhi hii ilichukuliwa kwa babu yangu kwa bunduki.” Husema kweli. Wa pili husema, “Ardhi hii niliinunua kwa fedha ya jasho, na hati ninayo.” Naye husema kweli. Aliyemdhulumu wa kwanza hakuwa wa pili; aliyemwuzia wa pili alikwenda zake na fedha. Deni lipo na mdaiwa hayupo, na anayesimama mbele ya macho ni jirani tu. Jaribu kubwa kuliko yote ni kumdai jirani deni la mtu aliyeondoka, kwa sababu jirani yu karibu.

Jaribu hilo lilishinda mara kadhaa. Wazee wetu husema kwamba mgeni ni kuku mweupe, yaani huonekana upesi kati ya wenzake. Neno hilo halina chuki; kuku mweupe ni kuku, na banda ni lake pia. Lakini katika miaka ya 1990 baadhi ya wanasiasa wa Bonde la Ufa walianza kutumia neno jingine: madoadoa. Angalia tofauti. Mgeni hupokewa, hata kama kwa shingo upande. Doa husuguliwa mpaka litoke. Mara jina lilipobadilika, mkono ulijua la kufanya. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu waliokuwa wamekimbilia humo wakiwamo ndani. Waliokufa wengi walikuwa wanawake na watoto. Katika machafuko ya majuma yale zaidi ya watu 1,000 waliuawa nchini, wa makabila mbalimbali. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia neno madoadoa katika orodha ya maneno ya chuki. Ilikuwa kazi njema, ijapokuwa ilichelewa.

Kwa maoni yangu, jembe ndilo lingepasa kumvua mtu ugeni. Aliyelima, akajenga na akazika mahali, ni mwenyeji wa mahali hapo, wala haifai kumhesabia vizazi. Ila ninaongeza sharti moja kwa huyo mwenyeji mpya, na najua hatalipenda. Ajifunze alichokikuta. Wako watu wanaokaa Kapsoya au kufanya biashara Kapseret kwa miaka ishirini pasipo kujua kwamba silabi ile ya kwanza, katika Kikalenjin, yaeleza kwao mtu, nyumbani kwake. Hutamka “nyumbani” kila siku na hawajui. Huo ni uvivu, nao humwumiza mzee kuliko orofa zote.

Mzee naye apunguze neno “zamani.” Mwanariadha arudipo na ushindi, hupokewa kwenye uwanja wa ndege wa Eldoret kwa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa kwa kienyeji, na vijana hudhani desturi hiyo ya uwanjani ni ya kale. Mursik ni ya kale kweli. Uwanja ulijengwa katika miaka ya 1990. Desturi ilihamia mahali papya na haikufa. Na kati ya wanaoshangilia pale wamo wengi ambao babu zao hawakuonja mursik.

Hata jina la mji lina mchezo wake. Wazee wa Kikalenjin huuita Sisibo, nao hulitamka kwa upendo, kama jina waliloachiwa na wahenga. Vijana na wageni husema Eldoret, na wapo wazee wanaoliona jina hilo kuwa la serikali. Lakini Sisibo ni namba 64 kwa Kiingereza, iliyolainishwa na ulimi wa Kinandi: ndiyo namba ya shamba la walowezi ambapo posta ilifunguliwa mwaka 1910. Na Eldoret, jina lililotangazwa na gavana mwaka 1912, husemwa kuwa latokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, ndio mto Sosiani, upitao katikati ya mji.