Jumatano: Barzilai Aliulizwa

Soma 2 Samweli 19:31–39. Daudi alimwahidi Barzilai nini? Kwa nini Barzilai hakukubali?

Daudi alipomkimbia Absalomu na kufika Mahanaimu, Barzilai na wenzake waliwaletea wakimbizi vitanda, vyombo, unga, kunde na asali (2 Samweli 17:27–29). Sasa vita vimekwisha, na mfalme anataka kulipa fadhila kwa kumtunza mzee huyu Yerusalemu. Lakini Barzilai, mwenye miaka 80, aliomba arudi akafie mjini kwake, karibu na kaburi la wazazi wake.

Wengi wetu tunalo swali hilo nyumbani. Mama amebaki peke yake kijijini. Je, tumlete mjini? Tunamleta kwa upendo, tunampa chumba kizuri na chakula cha kutosha. Asubuhi sisi twaenda kazini, wajukuu shuleni, geti linafungwa. Hana shamba, hana jirani wa kumpigia hodi, na kanisani hakuna amjuaye kwa jina. Yumo nyumbani mwa watoto wake, naye ni mpweke.

Wengine tunamwacha kijijini na kumtumia pesa kwa simu. Nchini Kenya, serikali nayo humpa mzee aliyesajiliwa wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Pesa hununua unga na dawa, nasi tusiache kutuma. Ila pesa haiketi naye jioni.

Basi kumheshimu mzazi ni kufanya lipi? Daudi alitoa wazo lake, akasikiliza, akakubali jibu lililopingana na mpango wake. Wala hakukata uhusiano. Alimchukua Kimhamu, aliyependekezwa na mzee mwenyewe. Akambusu Barzilai na kumbariki. Na alipokaribia kufa bado aliwakumbuka wanawe (1 Wafalme 2:7).

Yako magonjwa yasiyomruhusu mzee kuishi peke yake, na hapo familia haina budi kuamua. Hata hivyo aulizwe: alale chumba kipi, asali na nani, nani aje kumtazama. Anayehamishwa bila kuulizwa hapotezi nyumba tu. Hupoteza neno lake katika familia. Na tukimtunza mtu pasipo kumsikiliza, tumemtunza kama mzigo.

Kwa mjadala: Mfikirie mzee mmoja wa kanisa lenu asiyeweza tena kufika ibadani. Nani alimtembelea mara ya mwisho, na je, alimuuliza anataka nini?